Pua Iliyobaki Bila Mlezi

Mwezi wa Machi mwaka 2023 nilikaa mbele ya kompyuta nikafuta neno moja lenye herufi nne. Neno lenyewe ni nose, ambalo kwa Kiingereza maana yake ni pua. Kulifuta kulichukua sekunde moja. Kujua ninafuta nini kulinichukua wiki tatu, na mwisho wa wiki hizo nikajikuta kwenye kikao cha kina mama, karatasi ya hesabu mkononi, naungama deni la shilingi 900. Msomaji, usicheke kwanza. Nisikilize nikusimulie, maana ndani ya shilingi hizo 900 mna historia ya karibu miaka 30, na wengi wanaotajwa humo hawajui kama mtaa wetu upo.

Mtaani kwetu kuna kikoba cha kina mama 28. Kila Jumamosi wananunua hisa, wanakopeshana, na ikifika Desemba wanavunja kikoba, yaani kila mmoja anachukua akiba yake pamoja na gawio lake. Mwaka 2014 jamaa mmoja niliyesoma naye aliwaandikia programu ya kuwahesabia. Aliiandika kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python, mie nikawa msaidizi. Mwaka 2018 akapata kazi mji mwingine, akaondoka, na msaidizi nikabaki mwenye nyumba.

Sasa ujue kwamba programu haijengwi na mtu mmoja kuanzia msingi hadi paa. Ni kama nyumba zetu hizi: matofali utafyatua mwenyewe, lakini misumari, mabati na komeo la mlango umevinunua dukani, wala humjui aliyevifua. Vitu hivyo tunavyochukua kwa wenzetu, sisi waandishi wa programu tunaviita vitegemezi. Tofauti ni moja. Komeo likishafungwa mlangoni halina haja tena na fundi wake. Kitegemezi cha programu kina haja naye siku zote, kwa sababu ardhi iliyo chini yake inasogea: lugha yenyewe hutoa toleo jipya, ya kale hufutwa, na asipokuwepo mtu wa kukisogeza pamoja na ardhi, siku moja kinaanguka.

Nose ilikuwa kitegemezi chetu cha majaribio. Jaribio ni kijiprogramu kinachoiuliza programu kubwa swali ambalo jibu lake tunalijua. Mama fulani amekopa 100,000 kwa riba ya asilimia 5, anadaiwa ngapi? Programu ikijibu 105,000, sawa. Ikijibu vingine, kengele inalia kabla hela ya mtu haijaguswa. Kazi ya nose ilikuwa kupita kwenye mafaili yetu, kuyanusa majaribio yote, kuyaendesha, kisha kutuambia: yako kadhaa, yote yamefaulu.

Desturi hii ya majaribio haikuanza kwetu. Mmarekani Kent Beck alitengeneza chombo cha namna hiyo kwa lugha ya Smalltalk, akakieleza katika maandishi yake ya mwaka 1994. Mwaka 1997 yeye na Erich Gamma walikuwa kwenye ndege kutoka Zurich kwenda Atlanta, na humo angani wakaanza kuandika kingine cha lugha ya Java, kikajulikana kwa jina la JUnit. Steve Purcell akauleta mtindo huo upande wa Python, na mwaka 2001 kazi yake ikaingizwa ndani ya Python 2.1 kwa jina la unittest.

Chombo hicho kilikuwa kizuri ila kina urasimu, bwana! Kila jaribio lazima lifungwe ndani ya kundi lake, liandikwe kwa maneno yaliyopangwa, utadhani unaomba hati ya kiwanja. Ndipo Holger Krekel na wenzake waliokuwa kwenye mradi wa PyPy wakatengeneza py.test, ambayo siasa yake ilikuwa nyepesi: wewe andika jaribio lako kwa lugha ya kawaida, kulitafuta niachie mimi. Jason Pellerin akaupenda wepesi huo, naye akatengeneza nose, iliyokaa juu ya unittest lakini ikamwondolea mtu urasimu wake. Ilipokuta jina lenye neno la majaribio, ilinusa, ikachukua, ikaendesha. Ikapendwa sana. NumPy, maktaba ya hesabu wanayoitegemea wanasayansi dunia nzima, iliitumia nose tangu toleo lake la 1.2 la mwaka 2008, ikaachana nayo katika toleo la 1.15 la mwaka 2018 ilipohamia pytest.

Kwa hiyo jamaa yangu alipoichagua nose mwaka 2014 hakukosea. Alichagua kilichokuwa kikitumiwa na wakubwa. Kosa lilikuja baadaye, na halikuwa lake.

Toleo la mwisho la nose, namba 1.3.7, lilitoka Juni 2015. Baada ya hapo, kimya. Lakini nataka nimtendee haki aliyeiunda: haikuachwa kwa kutoroka usiku. Mwanzoni kabisa mwa maelezo yake palibandikwa tangazo la wazi. Lilisema kwamba kwa miaka kadhaa chombo hiki kimekuwa kikifanyiwa matengenezo tu, kwamba asipojitokeza mtu au kikundi cha kukichukua huenda kikakoma, na kwamba wenye kuanza kazi mpya watazame nose2, py.test, au unittest yenyewe. Hiyo nose2 nayo ilianzishwa na Pellerin huyo huyo, kwa msingi mwingine. Yaani mwenye nyumba alitangaza, akaonyesha na njia ya kutokea. Mtu wa kuichukua nyumba hakutokea. Hata mie sikutokea, na nilikuwa naitumia karibu kila siku, bure, bila hata kujua jina la aliyeiunda.

Kiswahili chetu kinatofautisha mtunzi na mtunzaji. Mtunzi tunamjua, tunampigia makofi, jina lake liko juu ya jalada. Mtunzaji ndiye anayefagia baada ya wageni kuondoka. Kwenye programu hizi za bure mara nyingi wawili hao ni mtu mmoja, naye ana kazi nyingine ya kumlisha, ana watoto, anachoka. Tunaposema chombo kimetelekezwa, neno hilo linamwangukia yeye. Mie nadhani lingetuangukia sisi tuliokiegemea kwa miaka bila kugeuza shingo tuone kinashikiliwa na nini.

Maana dalili hazikukosekana. Mwaka 2012, katika Python 3.3, baadhi ya majina ndani ya Python yalihamishiwa makazi mapya. Lile lililoitwa collections.Callable likawa collections.abc.Callable. Anwani ya zamani haikufungwa siku hiyo. Iliachwa kwa muda, na kuanzia Python 3.7 ya mwaka 2018 kila aliyeipitia alipewa onyo kwamba itafungwa. Nose iliipitia. Mwaka 2020 ulipoanza, Python 2 ikastaafishwa rasmi, nasi tukahama kwenda Python 3 kama wengine. Mwaka huo huo Fedora, mojawapo ya familia za Linux, iliiweka nose katika orodha ya vitu ambavyo vifurushi vipya visivitegemee tena. Oktoba 2021 ikatoka Python 3.10, na anwani ya zamani ikafungwa. Miaka tisa ya taarifa! Sisi maonyo yale tulikuwa tukiyaona yanapita kwenye skrini, tukayazoea kama mtu anavyozoea kelele za mashine ya kusaga jirani. Majaribio yanafaulu, au siyo? Basi.

Machi 2023 nilihamia Ubuntu 22.04, inayokuja na Python 3.10. Nikaita nose kama kawaida, ikakataa kuamka: collections haina kitu kiitwacho Callable. Nilichofanya kwanza nakieleza kwa aibu. Niliyafungua mafaili ya nose yaliyomo ndani ya kompyuta yangu, nikaongeza herufi tatu na nukta mahali panapohusika, ikaamka. Nikajiona fundi. Kesho yake kijana anayenisaidia akaniambia, “Kaka, kwangu haiendi.” Bila shaka haiendi! Kiraka kilikuwa kwenye kompyuta yangu peke yangu. Nilikuwa nimemtibu mgonjwa kwa kumficha chumbani. Na hata ningempa kijana kiraka hicho tusingefika mbali, kwani Oktoba mwaka huo huo ilitoka Python 3.12, ikaondoa kabisa sehemu iitwayo imp, ambayo nose iliitegemea kupakia mafaili.

Ndipo nikaamua: nose itoke, pytest iingie. Nikafuta lile neno la herufi nne kwenye orodha ya vitegemezi, nikaandika jingine, nikaendesha majaribio.

Hapa naomba utulie kidogo, maana ndipo penyewe. Kabla sijang'oa kitu nilikuwa nimeandika kwenye daftari langu namba ambayo nose ilinipa mara ya mwisho: majaribio 96, yote yamefaulu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na siku ile methali hiyo ilinilipia karo. Pytest ilinipa hesabu nyingine kabisa: 61 yamefaulu, 2 yameshindwa, na 1 limewekwa kwenye fungu la yale yaliyotarajiwa kushindwa. Jumla 64. Mengine yamekwenda wapi? Na hayo 2 yaliyoshindwa yametoka wapi, ikiwa jana yake yote yalifaulu?

Lile 1 lilikuwa rahisi kulielewa. Jamaa yangu alikuwa ameandika jaribio moja linalozaa mengine 40, moja kwa kila kiwango cha riba, kwa mtindo wa kutumia neno yield. Nose iliujua mtindo huo. Pytest iliuacha katika toleo la 4.0 la mwaka 2018. Wakati huo ilipoukuta haikuendesha chochote, iliweka alama na onyo, ikapita. Yaani kama nisingekuwa na daftari, ningeona kijani imetawala skrini, ningepongezwa kwa kazi nzuri, na majaribio 40 ya riba yangekuwa yamelala usingizi wa pono. Nikayaandika upya kwa mtindo ambao pytest inaufahamu.

Yale 2 yaliyoshindwa yalinitoa jasho. Yalikuwa ndani ya faili lenye majaribio 7, yote ya kukadiria gawio. Nikatazama kumbukumbu zangu za zamani, nikakuta kwamba faili hilo nose haikuwahi kuligusa kwenye kompyuta yangu. Hata mara moja! Nikampigia simu jamaa yangu. Tulizungumza saa nzima, kila mmoja na kompyuta yake mbele, mpaka tukaipata.

Kumbe nose ilikuwa na desturi moja ya tahadhari. Kwenye Linux, ikikuta faili lenye alama ya ruhusa ya kuendeshwa kama programu, inaliruka, kwa hofu kwamba kulifungua kunaweza kuamsha mambo yasiyotakiwa. Inaliruka bila kusema, labda uiombe ikueleze kila hatua. Kwenye Windows hairuki. Jamaa yangu alikuwa ameliandika faili lile nyumbani, kwenye Windows, akaniletea kwa diski iliyopangwa kwa mtindo wa Windows wa NTFS. Mtindo huo haubebi ruhusa zile za Linux, na Linux ikiusoma huonyesha kila faili kana kwamba limeruhusiwa kuendeshwa. Nikalinakili, alama ikanakiliwa nalo. Tangu siku hiyo ya mwaka 2014 kwake majaribio yalikuwa 103, kwangu 96, na hakuna aliyewahi kumuuliza mwenzake, wewe unahesabu ngapi?

Jamaa alicheka. Kisha akanyamaza, maana na yeye alishaona tunakoelekea.

Shilingi 50 siku hizi dukani unarudishiwa pipi, kwa hiyo kina mama walikubaliana zamani kwamba gawio likadiriwe kwa mia iliyo karibu, na ikiwa ni hamsini kamili, ipande juu. Python 2 ilifanya hivyo hivyo: nusu kamili iliisogeza mbali na sifuri, yaani juu. Python 3 ilibadili. Nusu kamili inaisogeza kwenye namba shufwa iliyo karibu, ili katika hesabu nyingi makosa ya kupanda na kushuka yafutane. Ni busara nzuri kwa mtu wa takwimu, tena imeandikwa wazi katika maelezo ya Python 3. Ila tazama inavyomfanya mwanakikoba. Mama mwenye gawio la 212,350 anapata 212,400. Mama mwenye 212,450 naye anapata 212,400. Waliozidiana shilingi 100 wamelingana, na aliyeweka zaidi ndiye aliyepunjwa. Na kosa hili haliendi huku na huku: kwa desturi ya kikoba chetu, kila linapotokea, linashusha.

Yale majaribio 2 yaliandikwa kuzuia jambo hilo hasa. Tulipohamia Python 3 mwaka 2020 yangepiga kelele siku ya kwanza. Lakini yalikuwa yamefungiwa nje ya nyumba, nasi ndani tukiimbiana kwamba yote yamefaulu. Kikoba kikavunjwa Desemba 2020, Desemba 2021 na Desemba 2022. Nikapekua vitabu vyote vitatu: mara 9 mtu alipewa 100 pungufu. Hela haikuibiwa, ilibaki sandukuni ikaingia mwaka uliofuata. Lakini mwenyewe hakuipata, na karatasi aliyosaini ilimwambia ameipata yote.

Nilirekebisha hesabu kwa kutumia sehemu ya desimali iliyomo ndani ya Python yenyewe, nikaandika kwa maneno ya wazi kwamba nusu ipande juu, ili toleo lolote lijalo lisinibadilishie. Majaribio yakawa 103, sawa na kwa jamaa yangu. Kisha nikakaa na swali moja usiku mzima: niseme au nisiseme? Shilingi 900 nilikuwa nazo mfukoni. Ningeweza kuzitia sandukuni kimya kimya, zikagawanywa, yakaisha. Tena nani angejua?

Lakini kimya ndicho kilichotufikisha hapo. Nose iliruka faili kimya. Alama ya ruhusa ilisafiri kimya. Yale 40 yalitaka kulala kimya. Nikaona mie nikiongeza cha kwangu nitakuwa kitegemezi kibovu kuliko vyote, kwani hivyo vingine havina roho.

Jumamosi nikaenda. Nikampa shikamoo mhazini, mama wa makamo aliyewahi kuuza samaki sokoni, nikamwomba nafasi mbele ya wenzake. Nikawaeleza kama nilivyokueleza wewe, ila bila Smalltalk na bila Zurich. Nikasoma majina na kiasi cha kila mmoja. Mmoja akasema, “Mia moja? Kijana umepanda bajaji kuja kutuambia mia moja?” Wakacheka, nami nikacheka kidogo. Mhazini hakucheka. Alifungua daftari lake la mkono, lile ambalo mwaka 2014 tulimwambia halina kazi tena, akaandika majina yote kwa utaratibu, tarehe, na kiasi. Kumbe alikuwa hajaacha kuliandika miaka yote hiyo.

“Mwanangu,” akasema, “mia si kitu. Nilichotaka kujua ni hiki: miaka yote mitatu, nani alikuwa anahesabu?”

Nikamjibu kweli: kwa muda mrefu, hakuna. Kulikuwa na mtu zamani, mbali huko, akachoka, akaaga kwa adabu, sisi hatukusikia.

“Na hii mpya uliyoweka,” akauliza, “anaitunza nani?”

Nikamwambia inatunzwa na watu wengi, si mmoja, ingawa wengi wao wanajitolea. Sikumwahidi kwamba hawatachoka. Januari 2024, pytest ilipotoa toleo la 8.0, iliondoa na ule msaada uliokuwa umebaki kwa majaribio yaliyoandikwa kwa mtindo wa nose. Sisi tulikuwa tumeshavuka. Tangu hapo nimejiwekea zamu. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwaka nafungua orodha ya vitegemezi vyetu, viko 11, nasoma kimoja kimoja: toleo la mwisho lini, nani yupo, kuna tangazo mlangoni? Kisha naendesha majaribio na kumpelekea mhazini namba. Yeye haelewi jaribio ni nini, wala hajali. Anaiandika kwenye daftari lake, pembeni ya ile ya mwaka uliopita, anazilinganisha mbele yangu.